Watu Watatu, Miguu Minne

Sikio nililigusa. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu hata leo, nikiwa na wajukuu wangu mwenyewe, nikilikumbuka jambo hili damu inanichemka. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtoto wa huku kwetu Nyamache hakuulizwa cheti cha kuzaliwa alipotaka kuingia darasa la kwanza. Aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua. Usipolifikia, rudi nyumbani ukale ndizi mwaka mwingine. Mimi nililigusa kwa mkono wa kulia, nikaligusa kwa mkono wa kushoto, na kama mwalimu mkuu angeniruhusu ningemgusia na lake.

Lakini mwalimu mkuu hakuwa anatazama sikio. Alikuwa anatazama mguu.

Mguu wangu wa kushoto ulishikwa na polio nilipokuwa na miaka miwili. Ulikonda, ukawa mvivu, na nilipotembea vidole vyake viliburuzika ardhini na kuacha mstari nyuma yangu popote nilipopita. Watu waliona haya kuutaja. Mama alisema "ule mguu". Majirani walisema "yale mambo ya mtoto". Nyanya yangu, yaani mama yake baba, ndiye peke yake aliyeutaja wazi. Kwetu Wagusii nyanya na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana watakavyo, na huyu wangu hakuiacha ruhusa hiyo ikae bure. Nikiingia jikoni kwake aliuliza, "Umefika? Na mguu je, umefika, au bado uko njiani?" Nikicheka alinipa ndizi. Nikinuna alinipa ndizi vilevile, akaniita mke mwenza mwenye roho mbaya.

Sasa mwalimu mkuu, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu hadi magotini, akaninyooshea fimbo yake. Alikuwa amekuja kwenye nasari yetu kuwachagua watoto wa kuingia darasa la kwanza Januari.

"Huyu atavuka mto vipi?" akauliza. Shule yake ilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa gogo. "Walimu wangu si wapagazi. Akae nyumbani kwanza."

"Kwanza mpaka lini?" akauliza mwalimu wangu wa nasari.

Yeye alikuwa mgeni kwetu. Alizaliwa Kisii mjini, katika familia ya Kiislamu iliyofanya biashara ya nguo, akamfuata mume wake aliyefungua duka sokoni Nyamache. Sisi tulizungumza Kigusii, yeye Kiswahili chenye sukari ndani yake, na kwa muda wa miezi mitatu hatukuelewana hata neno. Kwa hiyo tulicheza. Wazazi walinung'unika kwamba wanatuma watoto wakajifunze kusoma na wanarudi na makalio yenye matope. Matope yalitokana na mpira wa kukaa. Alitusukia mpira wa majani ya migomba, akatuamuru sote tukae chini, na ukitaka kuufuata mpira ulijiburura kwa makalio. Katika mchezo huo nilikuwa hatari. Wenzangu walikuwa wamezoea kusimama, mimi kujiburura nilikuwa nimeanza zamani.

Tulikuwa pia na msichana asiyesikia. Mwalimu alipoona kwamba filimbi haimsaidii, aliitupa mfukoni, akaanza kutuanzisha mbio kwa kupunga leso. Ikawa kichekesho, kwa sababu sisi wengine tulisahau kila siku, tukawa tunasimama tumetega masikio, na tukishtuka yule msichana ameshafika.

Kwa hiyo alipouliza "mpaka lini", mwalimu mkuu alijua kwamba hataondoka hapo kwa urahisi. Nyanya naye alikuwa dirishani. Hakuwa amealikwa.

"Haya," akasema mwalimu mkuu, akifunga daftari lake. "Siku yenu ya michezo nitakuja. Akimaliza mbio moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kubebwa, nitaandika jina lake. Akibebwa hata hatua moja, habari imekwisha."

Nyanya akaingiza kichwa chake dirishani. "Atakimbia mpaka umkimbie wewe!" akasema kwa Kigusii. Mimi nilikuwa nimeshikwa na hofu, kwa sababu dada yangu na watoto wote wa rika langu walikuwa wanakwenda ng'ambo ya mto Januari, na nilijiona nikibaki nyumbani na kuku.

Siku iliyofuata mwalimu alitangaza mchezo wake mpya. Mtoto angesimama katikati, na mtu mzima kila upande. Mguu wa kulia wa mtoto ungefungwa pamoja na mguu wa mtu mmoja, na wa kushoto na wa mtu mwingine. Watu watatu, miguu minne. Wangekimbia mpaka kwenye kisiki cha mgomba, wakizunguke, warudi. Watoto wote wangekimbia hivyo, si mimi tu.

"Nitawafunga wote," alimwambia mama alipokuja kunichukua. "Halafu tuone nani kiwete."

Mama na nyanya wakakubali kukimbia nami. Tulifanya mazoezi uani wiki nzima, tumefungwa kwa nyuzi za mgomba, nyanya akitoa amri. Upande wa mguu mbovu alikuwa mama, na kila mara alitaka kuuinua kidogo, mama ni mama. Nyanya alimfokea. "Usiuinue! Amesema asibebwe. Uache ufuate wenyewe, unajua njia." Nami nikajifunza kuita. Mguu wa upande wa mama ukitangulia niliita "Mama!", wa upande wa pili ukitangulia niliita "Nyanya!" Kufikia Alhamisi tulikuwa tunazunguka ghala la mahindi bila kuanguka.

Ijumaa jioni, nyanya akimwonyesha jirani jinsi ya kukata kona, aliteguka kifundo cha mguu. Alikaa chini akautazama, ukivimba, kisha akanitazama mimi.

"Umeniambukiza," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyofika uwanjani Jumamosi na mtu mzima mmoja. Baba alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Ami zangu walikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani, na majani ya chai yakishachumwa hayangoji michezo. Wanawake wa jirani walikuwa wameshafungwa na watoto wao. Mwalimu akajitolea mwenyewe, lakini mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amekuja na daftari na fimbo, akatikisa kichwa. "Watu wa nyumbani kwa mtoto. Si walimu."

Mwalimu akageuka huku na huku. Akamwona babu.

Babu alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda chake, na koti refu alilorudi nalo kutoka vitani. Alirudi na koti hilo na kimya kikubwa. Nyumbani alizungumza kidogo, na Kiswahili hatukuwahi kumsikia akikisema, ila "ndiyo". Karani wa chifu akija, babu alisema "ndiyo". Mchuuzi wa chumvi akiuliza kama anataka, "ndiyo", na akiuliza kama hataki, "ndiyo". Tulijua sote kwamba ni heshima tu.

Mwalimu akapiga magoti mbele yake. "Mzee wangu, utakimbia na mjukuu wako?"

"Ndiyo," akasema babu.

Na kabla mtu yeyote hajapata pumzi, mwalimu alikuwa amemwinua, amemleta, na kufunga kifundo chake na changu kwa kipande cha leso. Kisha akamwita mama.

Hapa sina budi kueleza, kwa sababu mwalimu hakujua, na msomaji pengine hajui. Mke na baba mkwe wake, kwetu, wana haya kubwa kati yao. Tunaiita ensoni. Mama hakuwahi kumshika babu mkono tangu aolewe. Babu hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya mama. Akiwa na neno alisimama uani akakohoa. Wakikutana njiani mama aliingia kwenye migomba mpaka apite. Chakula cha babu alikipika mama, lakini nilikipeleka mimi, na bakuli tupu nikalirudisha mimi. Nilikuwa tarishi wao. Na sasa huyu mwanamke wa mjini, kwa moyo wake wote mzuri, alikuwa anataka kuwafunga pamoja mbele ya kijiji kizima, wakimbie.

Mama alisimama pale alipo, leso ameikaza kifuani, macho chini. Wazee waliokuwa karibu na ua wakasogeleana.

"Haiwezekani," akasema mmoja.

"Mzee ameshasema ndiyo," akasema wa pili. "Neno la mzee linarudishwa vipi mdomoni?"

"Lakini atamgusa mke wa mtoto wake!"

"Atamgusa wapi? Anamgusa mtoto."

"Na mtoto anamgusa mama yake. Ni kitu kimoja."

Mwalimu alikuwa anamtazama kila anayesema, amefungua mdomo, haelewi hata neno. Mwalimu mkuu alikuwa Mgusii na alielewa kila kitu. Akaangalia saa yake. Nikamwona akianza kufungua kifuniko cha kalamu, na nikajua anataka kunikataa. Nikaanza kulia, kwa sauti, bila aibu.

Ndipo nyanya alipopaza sauti kutoka kwenye mkeka wake, mguu umefungwa majani. "Mtoto ni ukuta! Kila mtu akae upande wake wa ukuta. Nani amewahi kuona haya kwa sababu jirani yuko nyuma ya ukuta?"

Wazee wakalitafakari. Mmoja wao, mzee mbishi ambaye hata mvua ikinyesha alikuwa akiikosoa, akainua kidole. "Na wakianguka? Wakianguka watalaliana."

"Basi wasianguke," akasema nyanya.

Mama akaja. Alisimama kushoto kwangu, mwalimu akatufunga. Watu wazima wengine walikuwa wameshikana mabega juu ya vichwa vya watoto wao. Mama aliunyoosha mkono wake kwa nje, kushoto kabisa. Babu akaunyoosha wake kwa nje, kulia kabisa. Mama akageuza uso akatazama shamba la pareto. Babu akageuza wake akatazama kanisa. Kati ya watu watatu, aliyetazama mbele nilikuwa mimi peke yangu.

Leso ikapungwa. Msichana asiyesikia aliondoka na wazazi wake wakati sisi wengine bado tumetega masikio.

"Mama!" niliita, na mguu mbovu ukaenda. "Babu!" nikaita, na ule mzima ukafuata. "Mama! Babu! Mama! Babu!"

Lazima niseme kitu juu ya uwanja. Huku kwetu hakuna mahali tambarare. Uwanja wetu ulikuwa na goli la juu na goli la chini, na njia ya mbio ilikuwa ni ule ukanda mwekundu ambao nyasi zake zilikuwa zimekwisha kwa miguu ya watoto. Jana yake mvua ilinyesha, kama ilivyonyesha kila alasiri. Udongo ulikuwa laini na unateleza. Watu walianza kuanguka kabla ya hatua ya kumi. Mwenye hoteli wa sokoni, mtu mnene, alimwangukia mke wake, mtoto akachomoka katikati na kukimbia peke yake mpaka alipoitwa. Kundi jingine liliteremka moja kwa moja, likapita kisiki, likaishia kwenye ua wa miti, na tulisikia vicheko vyao kutoka ndani ya majani bila kuwaona. Walianguka, wakacheka, wakaamka, wakaanguka tena. Waliweza kuanguka. Hakukuwa na ubaya wowote wao wakianguka.

Sisi hatukuweza. Mama angeanguka, babu angeanguka, na aibu ingesimuliwa mpaka Birongo. Kwa hiyo walikimbia kwa uangalifu ambao sijauona tena kwa binadamu. Kila mguu uliwekwa chini kama yai. Nikiteleza mimi, walijikaza wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, nikabaki nimesimama wima. Hawakuona njia, walinisikia tu, nami nikagundua, nikiwa na miaka sita au saba, kwamba ninawaendesha watu wazima. Sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikaanza kuwakemea. "Babu, haraka! Mama, si huko!" Kwenye kisiki nikaamuru kona, wakakata kona.

Kupanda kurudi, uwanja mzima ulikuwa unaita nami. "Mama! Babu! Mama! Babu!" Hata yule mzee mbishi. Koti la babu lilikuwa linapepea, na mama alikuwa anahema, uso bado ameuelekeza kwenye pareto. Mguu wangu mbovu ulikuwa unawaka moto kwa maumivu. Mama hakuuinua. Namshukuru mpaka leo kwa hilo, maana najua ulivyomuuma yeye kuliko mimi.

Tukawa wa pili. Wa kwanza alikuwa yule msichana asiyesikia, na kwa haki kabisa, kwa sababu wakati wengine walikuwa wanageuka kusikiliza vicheko, yeye hakuwa na la kumgeuza.

Mwalimu akanikumbatia, akatoa zawadi yetu, mche wa sabuni, akampa babu. Babu akaushika. Hakuweza kumpa mama, mama hakuweza kuupokea. Akauweka chini kwenye nyasi, nami, nikiwa bado nimefungwa miguu yote miwili, nikainama nikauokota nikampa mama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuja na daftari lake. "Amevutwa," akasema kwa Kiswahili, apate kumwambia mwalimu. "Watu wazima wawili wamembeba katikati kama mzigo. Nilisema bila kubebwa. Januari atakuja na hawa wawili mpaka darasani?"

Mama akaanza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira iliyozidi machozi.

"Mwalimu," ikasema sauti kwa Kiswahili. "Angalia chini."

Tukageuka. Alikuwa babu.

"Hii mstari ni ya nani?"

Mwalimu mkuu akatazama. Kwenye ule udongo mwekundu, kando ya nyayo za mama, palikuwa na mstari. Ulianza pale tulipoanza, ukateremka uwanja mzima, ukazunguka kisiki, ukapanda kurudi, ukaishia kwenye vidole vyangu.

"Mtu akibebwa, mguu yake haigusi chini," akasema babu. "Mimi nilibeba watu vitani miaka minne, najua. Wewe fuata hiyo mstari. Pahali utakuta imekatika, hapo tulimbeba. Ukikuta, mtoto arudi nyumbani."

Nyanya mwenyewe, ambaye alikuwa ameishi naye miaka yote hiyo, alikuwa amekaa mdomo wazi. Nami nikaelewa, pale pale, kwamba babu alipoulizwa kama atakimbia nami alikuwa amelielewa kila neno, na alijua atafungwa karibu na nani.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. Akaanza kuufuata mstari, ameinama, fimbo ikiugusa, soksi zake zikijaa matope. Akateremka mpaka chini. Akakizunguka kisiki. Mahali pamoja alichuchumaa, kisha akainuka akaendelea. Akapanda akarudi mpaka miguuni pangu. Akafungua daftari, akauliza jina langu, akaliandika.

Babu hakusema Kiswahili tena baada ya siku hiyo, ila "ndiyo". Alirudi kwenye kigoda chake. Tulipokwenda nyumbani alitangulia mbele, mama akafuata mbali nyuma, na mimi katikati na sabuni.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha kama kawaida. Asubuhi nikaenda uwanjani peke yangu kuutazama mstari wangu, nikakuta udongo mtupu, laini, hauna alama hata moja. Nililia njia nzima ya kurudi. Nikaingia jikoni kwa nyanya, aliyekuwa ameuweka mguu wake juu ya gunia.

"Umefika?" akauliza. "Na mguu?"

"Umefika," nikamwambia. "Lakini mstari haupo. Mvua imeufuta wote."

Akanimenyea ndizi.

"Nenda ukachore mwingine," akasema. "Kalamu si unatembea nayo?"